Majirani Barabara ya 14: Ugonjwa usio na jina

Mama Tatu: Majirani habari za jioni. Kuna sauti inazunguka eti "Ugonjwa X" umeshaingia Tanga. Ni kweli au ndiyo yale yale ya kutishana?

Idrisa Maabara: Nzuri Mama Tatu. Usiisambaze. Hakuna mgonjwa wa Ugonjwa X popote. Shirika la Afya Duniani liliweka jina hilo kwenye orodha yake mwaka 2018 kushika nafasi ya kimelea ambacho bado hakijaonekana, ili watu wasingoje kijulikane ndipo waanze kujipanga.

Mzee Hamza: Sasa mtu anajipangaje na kitu asichokijua? Dawa yenyewe huijui.

Nesi Zuhura: Shikamoo mzee wangu. Dawa hatuijui, ila milango ya kuingilia ni ile ile: hewa, mikono na mdomo, damu na majimaji ya mwili, wadudu, wanyama. Usipojua kapitia upi, unafunga yote mpaka maabara iseme.

Idrisa Maabara: Na maabara inajibu ulichouliza tu. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, ukiiuliza Ebola itakwambia ipo au haipo, basi, haikutajii kingine. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walipata homa, kichwa, uchovu, na wengine damu za pua. Ebola hapana, Marburg (ndugu yake Ebola) hapana, Korona hapana. Ikaja kuonekana ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Wagonjwa 20, vifo 3. Bakteria wa mkojo wa wanyama, na antibiotiki inamtibu. Ndiyo maana tunahangaika na maelezo ya mgonjwa, yanatuambia tuulize nini.

Mwanaidi Mhudumu wa Jamii: Hapo ndipo mtaa unapoingia. Kaeni na daftari. Andika tarehe dalili ilipoanza, SIYO tarehe aliyokwenda hospitali, watu wanakosea sana hapo. Andika alikotoka, alichokula au kuchinja, mnyama aliyemgusa, na nani analala naye chumba kimoja. Ukikosea tarehe, siku za kufuatilia waliokutana naye zinahesabiwa vibaya. Marburg zinahesabiwa 21 tangu mara ya mwisho kumgusa mgonjwa.

Mama Tatu: Na mtu anajuaje hii si malaria ya kawaida?

Mwanaidi Mhudumu wa Jamii: Mmoja peke yake huwezi kujua. Piga simu ukiona wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa vile vile ndani ya wiki, vifo viwili vya karibu karibu, damu inatoka bila kuumia, mhudumu wa zahanati kaumwa baada ya kumhudumia mgonjwa, au mbuzi na kuku wanakufa kwa mkupuo. Namba ni 199, ya bure. Siku hiyo hiyo.

Nesi Zuhura: Naongeza. Kipimo cha malaria kikisoma "ipo" hakijafuta ugonjwa mwingine. Huku pwani mtu anaweza kubeba vyote viwili. Akimaliza dozi na homa haishuki, arudi. Na msimkimbize kudungwa sindano mitaani. Yambuku, Zaire (sasa Kongo DRC), 1976, sindano zilizotumika tena ndizo zilizoitawanya Ebola. Homa yenye damu mpe Panadol, msimpe diklofenaki wala aspirini, zinazidisha kutoka damu.

Salim Bajaji: Jamani maji yametoka kwenu? Huku kukavu

Mama Tatu: Yapo, ila mchirizi tu.

Mwenyekiti: Salim tutarudi kwenye maji. Nesi, gari la wagonjwa likichelewa mgonjwa akae wapi? Nyumba zetu unazijua.

Nesi Zuhura: Hilo ndilo gumu kuliko yote Mwenyekiti. Nyumba ya ukumbi mmoja, vyumba sita, familia sita, choo kimoja. Vingine mlango ni pazia. Angalieni na juu: kuta nyingi za ndani haziendi hadi kwenye bati. Kama hakuna dari, unafunga mlango huku hewa inapita juu ya ukuta kwenda kwa jirani. Kwa hiyo chumba cha uani, kile cha jikoni au stoo, ni bora kuliko cha ndani. Dirisha lifunguke nje. Feni ielekee nje dirishani, isimpulizie anayemhudumia. Mhudumu awe mmoja, si mjamzito, si mzee, si mwenye sukari.

Mzee Hamza: Na vyombo, choo?

Nesi Zuhura: Vyombo vyake peke yake. Haja kwenye ndoo yenye mfuniko. Jik nyingi klorini yake ni asilimia 3.5, lakini someni chupa. Sehemu 1 ya Jik kwa 6 za maji inatoa asilimia 0.5, ya sakafu, ndoo na matapishi: chupa ya nusu lita kwa lita 3 za maji. Ya 0.05, ya mikono sabuni ikikosekana, ni mililita 285 kwenye ndoo ya lita 20. Sabuni ikiwepo, mikono inatosha hiyo. Chupa ikiwa na asilimia nyingine, gawanya ya chupa kwa unayotaka, toa 1, hizo ndizo sehemu za maji.

Idrisa Maabara: Futa uchafu kwanza ndipo umwage, uiache dakika 15. Matapishi na damu vinaila klorini ikaisha nguvu kabla haijaua kitu. Changanya upya kila siku, weka kivulini. Na USICHANGANYE na dawa ya choo, ule moshi unaharibu mapafu.

Mwanaidi Mhudumu wa Jamii: Wengi wanaambukizwa wakati wa KUVUA vifaa vya kujikinga. Glavu kwanza, nawa, aproni, nawa, barakoa mwisho kabisa.

Ustadh Bakari: Assalaam alaykum. Na akifariki? Kuosha maiti kwetu ni haki ya marehemu.

Nesi Zuhura: Waalaykum salaam Ustadh. Ikishukiwa kafa kwa ugonjwa wa namna hii, mwili usiguswe kabla timu haijafika. Heri msikiti na ofisi ya afya wakubaliane sasa hivi kuhusu tayamamu (kutwaharisha kwa udongo badala ya maji) juu ya mfuko wa maiti, nani wa familia asimame pale, na umbali gani. Mbele ya jeneza hakuna anayesikiliza.

Ustadh Bakari: Nitawaita maimamu baada ya Ijumaa. Njoo na Mwanaidi, msije na barua tu.

Mwenyekiti: Chumba cha uani kwa Mzee Hamza kinakaliwa?

Mzee Hamza: Kina makaa na baiskeli. Dirisha lipo, limezibwa na bati.

Mwenyekiti: Salim, Jumamosi uje na bisibisi. Bati litoke, na mlango uwekwe komeo.

Salim Bajaji: Sawa mkuu. Na maji?