Tangawizi inakata maziwa, karafuu inafunika iliki: nisaidieni chai ya viungo

Binti Pangani:
Habari za jioni wapendwa. Nimelelewa na bibi Pangani, sasa naishi Dodoma. Chai ya bibi, ukifika mlangoni tu iliki imeshakupokea. Hakuwahi kupima kitu, alikuwa anachota kwa vidole, na sasa hayupo wa kumuuliza. Mwezi huu nimejaribu mara sita. Natia maji nusu lita na maziwa nusu lita, tangawizi mbichi iliyotwangwa ukubwa wa kidole gumba, karafuu kumi, iliki nne, kipande cha mdalasini na majani, vyote kwa mpigo. Mara tatu maziwa yamekatika. Yasipokatika, chai inakuwa chungu, ulimi unakufa ganzi, na iliki siisikii kabisa. Nakosea wapi?

Shamba la Viungo:
Pole dada. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoshambulia protini ya maziwa, ndiyo maana yanakatika. Moto mkali hukiua. Kwa hiyo ianze tangawizi na maji peke yake, ichemke dakika kumi hivi. Maziwa yachemshe kando, uyamimine baadaye yakiwa ya moto. Na yawe mabichi kweli, yakishaanza kuchacha hata bila tangawizi yatakatika.

Karafuu kumi kwa lita moja ni nyingi mno! Mafuta yake ndiyo yanayotia ganzi, si unajua mtu akiumwa jino huweka karafuu? Tia mbili, zikizidi tatu. Iliki panda hadi nane. Unazipasua?

Binti Pangani:
Hapana, nazitumbukiza nzima na maganda yake.

Shamba la Viungo:
Basi hapo umepata jibu. Harufu imo kwenye zile mbegu nyeusi za ndani. Zitwange muda huohuo unapopika, usinunue ya unga, ikikaa haina kitu. Ganda usilitupe, litie sufuriani.

Mama wa Kisauni:
Mwanangu, uchungu mwingine ni wa majani. Haya ya punje yanatoa rangi upesi sana, dakika mbili tatu zinatosha. Ukiyaacha yatokote na viungo tangu mwanzo unakunywa ukali mtupu, halafu unaufukuza kwa sukari. Onja kwanza bila sukari.

Kuna zoezi nililowafundisha binti zangu. Chemsha kila kiungo peke yake kwenye maji kidogo: kikombe cha iliki, cha mdalasini, cha karafuu, cha tangawizi. Onja kimoja kimoja, sukutua mdomo katikati. Kisha changanya kwa kijiko, vijiko vitatu vya iliki kwa kimoja cha mdalasini, ya karafuu matone tu, huku unaonja. Ukishajua kila kimoja kinaongea vipi, hutauliza tena vipimo kwa mtu.

Msafiri wa Muscat:
Huku tunakunywa karaki: majani, iliki na maziwa ya kopo, wengine huongeza zafarani. Karafuu kwa nadra. Jaribu iliki peke yake kwa wiki nzima dada, uizoee kwanza.

Binti Pangani:
Nimerudi. Nimefanya zoezi la vikombe jana, leo nimepika. Maziwa hayakukatika! Iliki imesikika mpaka sebuleni. Asanteni sana, nimekunywa vikombe viwili nimekaa kimya. Lakini bado si ya bibi. Kuna harufu fulani nyepesi, kama ya limau ila haina uchachu, siipati.

Mama wa Kisauni:
Bibi yako hakuwa na mchaichai uani?

Binti Pangani:
Ulikuwepo! Nyuma ya jiko, kando ya pipa la maji. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuukata. Kesho asubuhi naanzia soko la Majengo kuutafuta.