Kilatini cha anatomia: kuna kanuni au ni kukariri tu?

Mwanafunzi_Uyole

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni. Nipo mwaka wa kwanza stashahada ya utabibu hapa Mbeya. Mifupa tumemaliza, tumeingia kwenye misuli, na majina ya Kilatini ndiyo yananikwamisha. Naomba msaada hapa:

Kwa nini tunasema foramen magnum halafu foramen ovale, wakati neno foramen (tundu) ni lile lile? Halafu biceps brachii na biceps femoris, zote zinataja mahali msuli ulipo, mbona miisho haifanani? Na wingi: nikiandika foramina napata, nikiandika plexi kama wingi wa plexus (mtandao wa neva au mishipa) nakatwa maksi. Kuna kanuni? Au inabidi nijifunze Kilatini chote?

Mwalimu_Gangilonga

Kamwene mdogo wangu. Chote huhitaji. Sehemu kubwa ya ugumu wa Kilatini iko kwenye vitenzi, na majina ya anatomia hayana vitenzi. Unahitaji nomino, vivumishi, na maumbo manne ya kila neno: umoja, wingi, umbo la "ya kitu kimoja" na umbo la "ya vitu vingi". Basi.

Kosa linalowaponza wengi ni kujifunza nomino kwa umbo moja tu. Kila nomino ijifunze ikiwa na umbo lake la umilikaji pembeni, maana hilo ndilo linalokuambia neno liko kundi gani na shina lake ni lipi. Makundi ni matano, na yanatambulika kwa mwisho wa umilikaji: scapula, scapulae (ya bega), humerus, humeri na brachium, brachii, femur, femoris, plexus, plexus, facies, faciei. Yaani -ae, -i, -is, -us, -ei.

Hapo swali lako la pili limejibika. Brachii ni "ya mkono wa juu", kutoka brachium, kundi la pili. Femoris ni "ya paja", kutoka femur, kundi la tatu. Maana ya umbo ni ile ile, makundi ndiyo tofauti.

Kundi la tatu ndilo lipewe muda mwingi, kwa sababu shina lake hujificha. Ukitazama pollex (kidole gumba) huwezi kubahatisha kwamba umilikaji ni pollicis. Hallux, kidole kikubwa cha mguu, ni hallucis. Caput ni capitis, cortex ni corticis, pulmo ni pulmonis, pes ni pedis. Ukishalijua shina, vivumishi vinajileta vyenyewe: femor- inatoa femoralis, pulmon- inatoa pulmonalis, cortic- inatoa corticalis. Anayejua femur peke yake ataandika "femuralis", na hapo maksi zinaondoka.

Sasa foramen. Sisi Waswahili tuna bahati kwenye hili, maana tumezoea kusema mti mkubwa, kitabu kikubwa, nyumba kubwa bila kufikiri. Kilatini nacho kinapatanisha kivumishi na nomino, ila badala ya ngeli kina jinsia tatu: kiume, kike na kati. Foramen ni ya kati. Vivumishi navyo viko vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hubadilika -us, -a, -um: adductor magnus, cisterna magna, foramen magnum. Aina ya pili ni -is kwa kiume na kike, -e kwa kati: fossa ovalis, foramen ovale. Kwa hiyo magnum na ovale zote zimepatana sawasawa na foramen, ni kwamba vivumishi vyenyewe ni vya aina tofauti.

Angalia moyo utaona jambo hili kwa ukaribu. Mtoto akiwa tumboni kuna tundu kati ya atria mbili (vyumba vya juu vya moyo), foramen ovale. Likiziba baada ya kuzaliwa hubaki kibonyeo kwenye ukuta ule upande wa atria ya kulia, nacho huitwa fossa ovalis. Kivumishi ni kile kile, kimebadilika kwa sababu fossa ni ya kike.

Ipo na aina ya kulinganisha: -or kwa kiume na kike, -us kwa kati. Tumbo la chakula lina curvatura major, na kutoka hapo linaning'inia omentum majus. Wengi huandika "omentum major", na ni kosa.

Fuvu_na_Mbavu

Mwalimu ameeleza vizuri. Naongezea wingi, halafu mitego.

Kundi la kwanza: vertebra, vertebrae. La pili: nucleus, nuclei, ligamentum, ligamenta. La tatu: kiume na kike huchukua -es (pulmones, cervices), kati huchukua -a (foramina, capita, corpora, crura). La nne: -us inabaki -us, ila cornu inakuwa cornua. La tano: facies inabaki facies.

Plexus ni kundi la nne, ndiyo maana "plexi" inakatwa. Wenzake ni ductus, meatus, sinus, hiatus, processus, tractus, arcus. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nucleus; angalia kamusi: nucleus, -i lakini plexus, -us. Plexus brachialis moja, plexus brachiales mbili: nomino imetulia, kivumishi ndicho kinachoonyesha wingi.

Mitego sasa, na hapa naomba usome taratibu. Mwisho mmoja unaweza kufanya kazi nyingi.

Mwisho -a: fibula ni umoja wa kike. Foramina ni wingi wa kati. Stoma na trauma, zenye asili ya Kigiriki, ni umoja wa kati, na wingi wake ni stomata, traumata.

Mwisho -us: musculus ni kundi la pili, plexus la nne, corpus na crus ni la tatu na ni za kati, majus ni kivumishi cha kati. Ndiyo maana mguu wa kulia wa kiwambo cha kupumulia ni crus dextrum, wala si crus dexter.

Mwisho -is ndio unaoumiza zaidi. Femoris ni nomino yenye maana ya "ya paja". Radialis ni kivumishi kilicho kwenye umbo la kawaida. Na superioris ni kivumishi kilichopatana na nomino ya umilikaji. Chukua extensor carpi radialis longus: carpi ni "ya kifundo cha mkono", halafu radialis na longus zote zinamwelezea extensor. Maana yake msuli mrefu wa kunyoosha kifundo cha mkono, ulio upande wa mfupa radius.

Pia kuna maneno yaliyoachwa. Vitabu vingi huondoa musculus mbele ya jina, lakini kivumishi bado kinalifuata: latissimus dorsi, serratus anterior. Rectus abdominis ni musculus rectus. Rectum ni intestinum rectum, na kwa kuwa intestinum ni ya kati, mwisho ukawa -um. Caecum na jejunum ni hivyo hivyo.

Tahadhari moja zaidi: maneno ya -en mengi ni ya kati (foramen, abdomen), lakini ren na lien ni ya kiume. Na manus, japo ina -us, ni ya kike: manus dextra.

Mwanafunzi_Uyole

Ndaga fijo wakuu, nimeanza kuona mwanga. Nimejaribu kuuchambua levator labii superioris alaeque nasi. Levator ni mnyanyuaji, labii ni "ya mdomo", nasi ni "ya pua". Je, superioris inamwelezea levator? Na alaeque sijaipata kabisa.

Mwalimu_Gangilonga

Ingekuwa inamwelezea levator tungesema levator superior. Superioris iko kwenye umilikaji, kwa hiyo inafuata nomino iliyo kwenye umilikaji, nayo ni labii: ya mdomo wa juu. Linganisha na levator palpebrae superioris, mnyanyua kope la juu. Labium ni ya kati na palpebra ni ya kike, lakini kwenye umilikaji superioris haibadiliki.

Alaeque ni maneno mawili yaliyoshikana, alae na -que. Hiyo -que maana yake "na", hubandikwa nyuma ya neno linalounganishwa. Ala ni bawa, alae nasi ni "ya bawa la pua". Kwa hiyo: msuli unaonyanyua mdomo wa juu na bawa la pua. Kunja pua kama mtu aliyesikia harufu mbaya, kisha weka kidole pembeni ya pua. Utausikia ukifanya kazi.

Utaratibu wa kuchambua jina lolote refu: tafuta kwanza nomino kuu, mara nyingi ni neno la kwanza. Pili, tia alama nomino zote za umilikaji. Tatu, kila kivumishi ukiulize kimepatana na nani kwa jinsia, umoja au wingi, na umbo. Jaribu abductor digiti minimi: minimi inafuata digiti, kwa hiyo kidogo ni kidole, msuli wenyewe haujatajwa ukubwa. Flexor digitorum profundus ni kinyume chake: digitorum ni "ya vidole" kwa wingi, na profundus inamfuata flexor, kwa hiyo kilichoko ndani ni msuli.

Kwa kujifunza, nunua manila steshenari yoyote pale Mwanjelwa, kata kadi. Mbele chora kiungo na uandike jina la Kiswahili, nyuma andika vitu vitano: pes, pedis, kiume, pedes, dorsalis pedis. Hilo la mwisho ni mfano unaoishi: ukiweka vidole juu ya mguu, kando ya ukano wa extensor hallucis longus kwa upande wa nje, unahesabu mapigo ya arteria dorsalis pedis. Kadi kumi kwa siku zinatosha, ila za jana zirudie kabla hujaongeza mpya.

Mkunga_Tukuyu

Mdogo wangu, mkianza kuingia wodini pale Meta utayakuta haya haya, kwa hiyo usidhani ni ya darasani tu. Placenta praevia: praevia ni -a kwa sababu placenta ni ya kike. Accreta, increta, percreta, vivyo hivyo. Lakini abruptio placentae, hiyo -ae ni "ya kondo". Hyperemesis gravidarum na striae gravidarum, -arum ni wingi wa umilikaji: ya wajawazito. Ophthalmia neonatorum, ya watoto wachanga.

Halafu tofautisha ileum na ilium. Ya herufi e ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ndiyo inatoa jina la arteria ileocolica. Ya herufi i ni mfupa wa nyonga, ndiyo inatoa jina la spina iliaca. Kwenye ripoti, herufi moja inampeleka mgonjwa sehemu nyingine ya mwili.

Na ukiona magonjwa yana mashina mengine usishangae. Kiungo huitwa kwa Kilatini, ugonjwa mara nyingi kwa Kigiriki: arteria renalis lakini nephritis, arteria pulmonalis lakini pneumonia.

Dawa_Njombe

Naongezea upande wa cheti cha dawa, maana sarufi ile ile inaendelea huko. Bis in die, mara mbili kwa siku. Ter die sumendum, inywewe mara tatu kwa siku. Pro re nata, inapohitajika. Statim, sasa hivi.

Penye hatari ni o.d. Inaweza kuwa omni die, kila siku, na kwa wa macho ikawa oculus dexter, jicho la kulia. (Sikio la kulia ni auris dextra, oculus ni ya kiume, auris ya kike, kivumishi kimefuata.) Mgonjwa wa matone ya macho aliyeandikiwa o.d. bila maelezo anaweza kutia mara moja kwa siku macho yote mawili, au jicho la kulia peke yake mara nyingi. Vilevile q.d. (quaque die, kila siku) husomwa q.i.d. (quater in die, mara nne kwa siku), na mgonjwa akanywa dozi mara nne ya iliyokusudiwa. Joint Commission, shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali, iliiweka q.d. kwenye orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. Kijue kifupisho ili ukisome, lakini mkononi mwako andika maneno kamili: "mara moja kwa siku", "jicho la kulia".

Mwanafunzi_Uyole

Asanteni sana. Swali la mwisho: per os, kwa nini si per oris? Si umilikaji wa os ni oris?

Fuvu_na_Mbavu

Os ya kinywa ndiyo, oris, kama kwenye orbicularis oris. Os ya mfupa ni ossis, wingi ossa. Ila per si umilikaji. Per, post na ante hudai umbo la mtendwa, na kwa nomino za kati umbo hilo halitofautiani na lile la kawaida: per os, per rectum. Kwa za kike za kundi la kwanza utaona -am, per vaginam. Kwa za kiume za kundi la pili na la nne utaona -um: post cibum, post partum. Hiyo -um isikudanganye ukadhani ni ya kati, kwani cibus na partus ni za kiume. In, ikiwa na maana ya "ndani ya" bila mwendo, hudai umbo jingine, ndipo ikawa in utero. Kwenye kadi zako viandike kama vilivyo, ukitaja kihusishi na neno lake pamoja.