"Hakuna matokeo" wakati ujumbe umo kwenye diski yangu: utafutaji huu wa Usenet ni wa uongo

Wakuu,

Hili limenifika kooni. Natumia programu moja ya kusomea makundi ya Usenet (mfumo wa zamani wa majadiliano ya mtandaoni), na nimeipangia ipakue ujumbe mzima na kuuhifadhi kwenye kompyuta yangu. Lengo ni moja tu: siku nikihitaji kitu nilichokisoma zamani, nikipate.

Juzi nilihitaji maelezo ya mtu aliyeeleza namna ya kurudisha jedwali la sehemu za diski lililoharibika. Alitaja amri yenyewe, herufi kwa herufi. Nikaandika jina la hiyo amri kwenye kisanduku cha kutafutia. "Hakuna matokeo." Nikajaribu neno jingine ambalo nilikuwa na hakika limo. "Hakuna matokeo." Nikaiacha programu, nikaingia kwenye folda yake na kupiga grep, amri inayotafuta neno ndani ya mafaili. Ujumbe ulikuwa umekaa palepale, haujapungua hata nukta.

Kumbe kisanduku kinaangalia mada na jina la mtumaji, basi. Na hakuna mahali panaposema hivyo! Kinachoniuma zaidi ya upungufu wenyewe ni hilo. "Hakuna matokeo" ni kauli, na hapa ni kauli ya uongo. Mtu anaiamini, anaondoka, anakwenda kuuliza upya swali lililojibiwa zamani, kisha anakaripiwa kwamba angetafuta kwanza. Alitafuta! Aliyemdanganya ni programu.

Na mada inasaidia nini jamani? Mjadala unaanza na "swali kuhusu printa", baada ya majibu thelathini watu wanazungumzia mpangilio wa mtandao, na mada bado ni ileile ya printa. Maarifa yamo ndani ya ujumbe, na ndani ndiko wasikotaka kuangalia.

Utetezi wa kwanza ninaousikia kila mara ni kwamba itifaki hairuhusu. Ni kweli kwa upande wa seva. NNTP, itifaki ya kusafirisha ujumbe wa Usenet, tangu waraka wa kanuni zake RFC 977 wa mwaka 1986 hadi RFC 3977 wa 2006, haina amri ya kutafuta ndani ya maandishi. Amri ya OVER inakupa mada, mtumaji, tarehe, kitambulisho cha ujumbe, marejeo, ukubwa na idadi ya mistari. Amri ya XPAT nayo inalinganisha vichwa vya ujumbe tu, kama mada na mtumaji. Sawa. Lakini mimi sizungumzii seva! Nazungumzia mafaili yaliyo kwenye diski yangu, ambayo programu hiyohiyo iliyapakua na inayafungua kila nikibofya. Itifaki inahusika vipi hapo?

Utetezi wa pili ni uzito: eti kusoma maandishi yote kutachosha kompyuta. Nani kasema yasomwe yote kila mara? Tengeneza faharasa: kila neno liandikiwe ujumbe lilimo, na ujumbe mpya ukiingia uongezwe humo. Watu walishaifanya kazi hii. SQLite, programu ya hifadhidata, ina FTS5, sehemu ya kutafuta ndani ya maandishi, tangu 2015. Xapian, maktaba ya kutengenezea faharasa, ipo, na programu ya barua pepe ya notmuch inaitumia kutafuta ndani ya malundo makubwa ya barua pepe upesi sana. Zana zote hizi ni za bure na misimbo yake iko wazi.

Sasa kuna programu zenye chaguo la "tafuta ndani ya ujumbe", limefichwa kwenye menyu ya tatu. Nilifurahi nilipoliona, mpaka nilipogundua linasoma faili ghafi bila kusimbua kwanza. Ujumbe husimbwa kwa njia mbalimbali ili usafirishwe. Uliosimbwa kwa njia ya quoted-printable haupaswi kuzidi herufi 76 kwa mstari, kwa hiyo neno "mwendelezo" linaweza kukatwa: "mwende=" mwisho wa mstari mmoja na "lezo" mwanzo wa mwingine. Limepotea. Base64, njia nyingine inayogeuza maandishi yote kuwa herufi zisizosomeka, ndiyo balaa kabisa. Ujumbe ukianza na neno "kanuni", kwenye faili kunaandikwa a2FudW5p, na neno hilohilo likisogea nafasi moja mbele, herufi zinakuwa nyingine. Hapo hata grep haikuokoi. Programu inajua kusimbua, maana kwenye skrini inanionyesha maandishi safi. Kwa nini isitafute kwenye hayo maandishi safi?

Na sisi tunaoandika Kiswahili tunaumia mara mbili. Faharasa nyingi zinaruhusu kutafuta kwa mwanzo wa neno, wakati maneno yetu yanabadilika mwanzoni: imefungwa, zilifungwa, kufungwa. Hilo nalo lina dawa, kuvunja maneno vipande vya herufi tatutatu, na SQLite inayo njia hiyo tangu 2020.

Msiniambie nikatafute kwenye tovuti. Hifadhi ya Deja News, tovuti ya ujumbe wa Usenet iliyoanza mwaka 1995, ilinunuliwa na Google mwaka 2001, na tarehe 22 Februari 2024 Google Groups ikaacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet. Ya zamani bado yanaonekana, lakini yaliyoandikwa baada ya hapo hayapo kule. Kwa wengi wetu diski ya nyumbani ndiyo maktaba iliyobaki, na ndiyo ambayo mtengenezaji ameamua haihitaji faharasa.

Kama hawawezi kuitengeneza leo, basi leo hii wabadilishe yale maneno mawili yaandikwe: "Tumetafuta kwenye mada na mtumaji tu." Hiyo haihitaji toleo jipya kubwa wala mwaka mzima.

Anayetumia programu inayotafuta ndani ya ujumbe uliohifadhiwa, pamoja na ule wa base64, aitaje hapa na aeleze amehakikishaje. Nahamisha mafaili yangu wiki hii.