Mume hataki maulidi kwenye akika ya mtoto, mama mkwe kashaalika ukoo mzima. Nifanyeje?

Binti_Chumbageni

Assalam aleykum na habari zenu wote, wa dini zote karibuni maana hili naona si la Waislamu peke yetu. Nipo Tanga mjini, nimeolewa, Alhamdulillah tumepata mtoto wa kiume baada ya kusubiri sana, watu walishanisema mpaka wakachoka na dawa za mizizi nilishaletewa za kila aina. Sasa mtoto yupo, ugomvi ndo umeanza.

Iko hivi. Mama mkwe ni mtu wa maulidi. Nyumba yao Ngamiani tangu enzi za marehemu baba mkwe, Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia lazima isomwe Barzanji, kile kitabu cha kumsifu, dufu lipigwe, udi ufukizwe, watu wale wanywe waondoke na halua. Mume wangu kakulia humo humo, utotoni alikuwa anasomeshwa mlango mzima mbele za watu na kwenye kaswida anatangulia yeye, picha ipo kavaa kanzu imemzidi. Lakini tangu mwaka jana kaanza kwenda darsa kwa wenzetu wa Answar Sunna, suruali imepanda, ndevu kaziachia, na mie sisemi vibaya maana kabadilika kwa mema mengi, sigara kaacha, alfajiri anaswali msikitini, pesa ya matumizi siombi mara mbili. Ila maulidi kwake sasa ni bidaa, yaani uzushi kwenye dini, hataki hata kusikia.

Mtoto alipozaliwa hela haikuwepo, siku ya saba ikapita bila akika, ile ya kumchinjia mtoto mbuzi. Mama mkwe akasema nyie tulieni, mbuzi wawili nanunua mimi, tutafanya Mfungo Sita tuchanganye na maulidi kabisa, tena tufanyie kwenu kuna uwanja. Mume akanyamaza akidhani litapita. Juzi tunaona kwenye grupu la ukoo tangazo hilo, tarehe ipo, maturubai yapo, madrasa ya kuja na dufu ishapewa advansi, wanawake wanalipia kanga za sare, watu wanatoka Pangani mpaka Mombasa. Mume kusoma akaandika mule mule, "Akika ipo, maulidi hakuna, atakayeleta dufu mlangoni kwangu atarudi nalo." Mbele ya shangazi zake! Mama mkwe akajitoa kwenye grupu.

Lawama zote kwangu. Wifi kanipigia ati mie ndo nimembadilisha kaka yao, mie huyu ambaye hela ya sare nilikuwa nishatuma. Mama mkwe simu yangu anapokea ila anajibu "haya" tu, ukimuuliza umeamkaje, haya. Mume nikimgusia anasema dini haina kura. Naombeni ushauri wa watu wazima, kutukanana dini sitaki.

Mzee_Raskazone

Pole binti. Mie nimeswali misikiti ya pande zote mbili na nimezika watu wa pande zote mbili. Msimamo wa mumeo ni wake na Mungu wake, lakini kumjibu mama kwenye grupu wanapoona mpaka watoto wa dada zake hilo halina kitabu. Mama anafuatwa kwake, baada ya isha, unakaa chini kwenye jamvi yeye akiwa juu ya kitanda, halafu ndo unasema lako. Mwambie aende peke yake, wewe usiende naye, ukiwepo tu mama atajua umekuja kusimamia.

mchokozi_wa_sahare

Pilau lipo lakini? Maana kama pilau lipo hiyo bidaa nakuja kuibeba mwenyewe 😂

kibosho_asilia

Dada usidhani ni nyie tu. Sisi Wachaga wa Kilutheri kipaimara ni sherehe kubwa, kuna kamati, kuna michango, watu wanapanda kutoka Dar, mbege inapikwa mapema, ndafu inaandaliwa. Bro wangu akaokoka, kipaimara cha mwanae akasema pombe haiingii na wazee wasimwage mbege chini kutaja mababu, hayo ni matambiko. Mzee akasema basi na mimi siji kwa mjukuu wangu. Tulikuja kuponea kwa shangazi mmoja mjanja, akagawa siku, kwa bro ibada na chakula na soda, jioni wazee wote wanahamia kwa babu wanakunywa mbege yao kama mkutano wa ukoo tu, haihusiani na kipaimara. Kila mtu alijua inahusiana ila hakuna aliyesema. Nyie hamna nyumba mbili? Tumieni nyumba mbili.

Ustadh_wa_mtaani

Waaleykum salaam. Dada tenganisha mambo mawili ambayo mama mkwe kayafunga fundo moja.

Akika hakuna anayeigombea. Wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja, asiye chongo wala kilema. Siku ya saba ndo yenyewe, mtoto ananyolewa, anapewa jina, nywele zinapimwa inatolewa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Ikipita wapo wanaosema ya 14 au 21, na wanazuoni wengi wanaona hata baada ya hapo inafaa, kwa hiyo msijilaumu. Na bibi kununua mbuzi wa mjukuu si kosa wala mumeo asione kanyang'anywa nafasi, Mtume (s.a.w) mwenyewe aliwachinjia wajukuu zake Hasan na Husein. Akisikia hiyo labda moyo utalainika kidogo.

Maulidi ndo yenye mvutano, na mvutano huo mkubwa kuliko Tanga. Imamu Suyuti aliandika kuitetea na akamnukuu Ibn Hajar, na kabla yake Fakihani wa madhehebu ya Maliki alishaandika kuipinga. Hawa wote ni maulamaa wazito. Sasa mumeo na mama yake wanataka walimalize kabla ya maturubai kufika?

Likoni_kwa_juu

Huku kwetu Mombasa haya maneno ni ya zamani sana. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipokuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968 alikuwa akiyasema wazi mambo aliyoyaona ni bidaa, na wapo waliomchukia na wapo waliomfuata, na Lamu maulidi ya Msikiti wa Riyadha yakaendelea mpaka leo watu wanajaa kutoka kila pembe. Kwetu sisi babu yangu na nduguye walikatana salamu kwa sababu hii hii, akafa mmoja hawajasemezana, na watoto wao sisi ndio tunaoana saa hii wala hatukumbuki nani alikuwa upande gani. Mwambie mumeo asome historia kidogo.

Na hao wageni wa Mombasa, wapigieni simu mapema. Mtu asifunge safari akaja kukuta maturubai yamekunjwa.

MamaMapacha

Shosti mie nina swali moja tu. Mbona huyo mama kang'ang'ania hivyo? Mama mkwe wa kawaida akikataliwa ananuna wiki anamaliza. Kujitoa grupu la ukoo, kuna kitu hapo. Muulize vizuri.

Binti_Chumbageni

@MamaMapacha we mwanamke una macho. Nilienda jana na mtoto, nikamkuta anachambua mchele, nikakaa nikashika ungo na mie, hatujasema kitu mpaka mchele ukaisha. Ndo akanambia. Kumbe kipindi kile sipati mimba aliweka nadhiri, akasema Mungu akimpa mjukuu kwa huyu mwanae, atamsomea maulidi na mtoto awepo. Hakumwambia mtu. Anasema kila Mfungo Sita ukipita alikuwa anaogopa atakufa na deni ambalo hata halijafika.

Nikarudi nikamwambia mume. Akanyamaza muda mrefu, halafu badala ya kulainika akasema basi nitamlipia kafara, kulisha masikini kumi, yaishe. Na akampigia simu kumwambia hivyo hivyo! Mama mkwe akamjibu, "Nimemuomba Mungu mtoto, wewe unanilipia faini?" Akakata.

Halafu kamtumia ujumbe wa sauti, nimeusikia, anamwambia mwaka juzi mlikata keki ya bethdei ya mkeo kwangu hapa na mishumaa mkapuliza, sikusema neno, leo ya Mtume ndo imekuwa bidaa? Mume anasema na keki kashaacha. Kweli kaacha, mwaka huu nilipewa elfu kumi na dua.

mchokozi_wa_sahare

Elfu kumi na dua 😂😂 samahani dada endelea

Ustadh_wa_mtaani

Sasa limefunguka. Nadhiri ni ya mama, si ya baba mtoto. Aliyeweka ndiye mdaiwa. Wanaoona maulidi ni jambo la kheri watasema aitimize, wanaoiona bidaa ndo watamwambia asitimize atoe kafara ya yamini, yaani ya kiapo, kulisha au kuvisha masikini kumi, asipoweza afunge siku tatu. Mumeo katumia hukumu ya upande wake kwenye nadhiri ya mtu wa upande mwingine, tena kwa simu. Mama ana sheikh wake, akamuulize huyo.

Ila angalieni, nadhiri yake haikusema isomwe nyumbani kwa mwanawe, wala haikusema ichanganywe na akika. Imesema maulidi isomwe, mtoto awepo. Mlango wa kutokea upo hapo.

muumini_wa_darsa

Mie niko upande wa mumeo, nasema wazi. Maulidi siendi na kwangu haisomwi. Lakini mama yangu anasoma kila mwaka. Aya tunayofundishwa darsani ni ile ya Suratul Luqman, wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu usiwatii, na papo hapo inasema kaa nao duniani kwa wema. Hiyo ni shirki yenyewe imetajwa, bado wema haukuondolewa, sembuse maulidi. Mie huwa nampelekea mama mchele na mafuta siku mbili kabla, namwambia mama chakula hiki cha wageni wako, halafu siku yenyewe sipo. Hajawahi kunirudishia mchele.

Mumeo ni mgeni kwenye darsa, mwaka wa kwanza wote tulikuwa wakali hivyo. Mwambie amuulize sheikh wake mbele yenu, atashangaa jibu.

Na kingine, wapo wake wanaoambiwa wamembadilisha mume kumbe mume mwenyewe ndo anasema "hata mke wangu hataki". Hakikisha hajakuweka wewe mbele.

MamaMapacha

Nilijua kuna kitu. Haya tuje kwenye kazi, maana dini mmeshamaliza hapo juu. Akika iwe kwenu asubuhi, mumeo achinje kwa mkono wake, nyama ipikwe vile wazee wa Pwani wanavyotaka bila kuvunja mifupa, wageni wale mchana waombe dua waondoke. Maulidi iwe kwa bibi siku nyingine au hata jioni hiyo hiyo, Ngamiani zile barabara za namba watu wanaweka turubai hapo hapo barabarani uwanja wa nini. Advansi ya madrasa haipotei, unabadilisha tu anwani. Sare za kanga zinavaliwa kwa bibi. Tangazo jipya aliandike mama mkwe mwenyewe, sio mumeo. Mumeo simu ya grupu mumpokonye kabisa.

Na mbuzi wapo? Au walishaanza kufa kwa mvua hizi?

Binti_Chumbageni

Mbuzi wapo, mmoja kala kanga yangu kwenye kamba.

Mrejesho. Mume kaenda kwa mama yake baada ya isha kama alivyosema Mzee wa Raskazone, peke yake, karudi usiku sana macho mekundu sikumuuliza. Asubuhi akaniambia imekuwa hivi, akika ni kwetu Jumamosi, anachinja yeye, mbuzi ni za mama yake na amemshukuru. Maulidi ni Ngamiani kwa mama mkwe usiku wa Jumapili. Yeye atatoa gunia la mchele na kubeba viti, ila hatakaa. Mama mkwe kakubali, tena kamwambia "hata marehemu baba yako alikuwa anatoka nje kuvuta sigara kwenye kiyamu, nenda zako." Kumbe!

Kwa hiyo nashukuru wote. Limebaki moja, mtoto. Mama anataka nimpakate nikae naye mbele, wakisimama marhaba, ndo hicho kiyamu, anyunyiziwe marashi. Mume kwenye hilo hakusema ndio wala hapana. Nimpeleke, au nitaonekana nimemzunguka?

muumini_wa_darsa

Usimpeleke kwa kunyamaziwa. Muulize, upate jibu lenye maneno. La sivyo siku mkigombana la mchicha litatokea hilo.

Likoni_kwa_juu

Mimi naona mpeleke, mtoto wa miezi hana madhehebu. Kwa bibi yake aliyemuombea anakatazwaje?

Mzee_Raskazone

Namuunga mkono wa darsa. Uliza. Na ukiuliza usitaje nadhiri tena, mtaje mama tu.

MamaMapacha

Uliza, ukikubaliwa mpeleke, mkae mwisho wa jamvi karibu na mlango sio mbele kwenye dufu, kelele zile mtoto atashtuka. Udi ukizidi mtoe nje.

Binti_Chumbageni

Nimeuliza. Kasema "mpeleke kwa bibi yake", halafu kaniuliza tutarudi saa ngapi atafute bajaji ya kutusubiri. Nimeshika hilo.

Sare nyingine nimenunua, ile iliyoliwa na mbuzi nimemfunikia mama mkwe gunia la mchele. Wifi bado hapokei simu, yule nitamfungulia uzi wake.