Tupeane uzoefu: CptService ya Zoom ni kitu gani, na utajuaje kama ni yenyewe?

Fundi Mwanjelwa
Wadau wa nyanda za juu, huu uzi ni wa wale wanaofunga Zoom, wanafungua Task Manager, wanakuta CptService.exe bado ipo hai na wanataka kuifuta hapo hapo. Subirini kwanza. Kwenye orodha ya huduma za Windows inaitwa Zoom Sharing Service, na kazi yake ni kushirikisha skrini. Windows ikitoa lile dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, skrini inafifia, na programu ya kawaida hairuhusiwi kulionyesha wala kuligusa. Ndiyo maana Zoom ikaweka huduma yenye madaraka ya mfumo. Ukiizima, mikutano inaendelea kama kawaida. Atakayekwama ni yule fundi aliyeko Dar anayeongoza kompyuta iliyoko Tukuyu: dirisha la ruhusa likitokea, hawezi kulibofya.

Mwenye njia ya kuihakiki aweke hapa, hatua kwa hatua.

Mdau wa Iringa
Kamwene. Jina la faili halithibitishi kitu, maana hata kirusi kinaweza kujiita Zoom.exe. Anza na makazi yake: fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Details, bofya kitufe cha kulia juu ya jina, chagua Open file location. CptService kwa kawaida utaikuta Program Files (x86)\Common Files\Zoom\Support, au njia kama hiyo hiyo ndani ya Program Files ya kawaida. Zoom.exe ina makazi mawili. Iliyowekwa na mtumiaji bila ruhusa ya msimamizi hukaa AppData\Roaming\Zoom\bin, na iliyowekwa kwa watumiaji wote hukaa Program Files\Zoom\bin. Watu wameaminishwa kwamba kila kilichomo AppData ni kirusi, wakafuta Zoom halali. Cha kutilia shaka ni ile inayojiendesha kutoka Temp au kwenye flashi.

Kisha saini ya kidijitali, yaani muhuri wa mtengenezaji ndani ya faili. Kwenye faili hilo hilo: Properties, Digital Signatures, chagua jina, bonyeza Details. Usiishie kuona kichupo kipo! Faili lililochezewa baada ya kusainiwa linabaki na kichupo chake. Ni ndani ya Details tu ndipo utasoma kama saini ni nzima: "This digital signature is OK". Mwenye saini awe Zoom. Kampuni iliacha neno Video kwenye jina lake Novemba 2024, kwa hiyo neno hilo likikosekana si kosa.

Stationery Mafinga
Naongezea kwa wenye mashine nyingi, PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri za Windows, inamaliza haraka:

Get-AuthenticodeSignature "C:\Program Files (x86)\Common Files\Zoom\Support\CptService.exe"

Unataka Status iseme Valid. HashMismatch maana yake faili limebadilishwa baada ya kusainiwa. NotSigned, halina saini kabisa. Alama za nukuu ni lazima, vinginevyo PowerShell inaichukua (x86) kama amri na kukurushia maandishi mekundu.

Na zile desktop za mtumba zinazosahau tarehe kila umeme ukikatika, badilisheni kwanza betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya mashine. Saa ikirudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vinagoma, Zoom haiunganishi, na lawama yote inaenda kwa kirusi ambacho hakipo.

Fundi Mwanjelwa
Safi sana, mkuu. Kuona huduma inaita faili gani:

sc.exe qc ZoomCptService

Soma mstari wa BINARY_PATH_NAME. Ukielekeza folda tofauti na alizotaja mdau wa Iringa, hapo una kazi. Msiache ".exe": kwenye PowerShell ya Windows, sc peke yake ni amri ya kuandika ndani ya faili, utaishia kutengeneza faili linaloitwa qc bila kujua.

Dada wa Uyole
Na bando je? Linaisha kwa sababu ya huyu?

Mdau wa Iringa
Dada, bando linaliwa na mkutano wenyewe. Video ya watu wawili kwa ubora mzuri ni kama 600 kbps kwenda na 600 kurudi, yaani karibu MB 540 kwa saa. Sauti peke yake, 80 kbps, haifiki MB 80. Kama hutaki Zoom ijiwashe, ingia Settings za Zoom yenyewe, General, ondoa tiki kwenye Start Zoom when I start Windows. Kubofya X hakuifungi, inajificha pembeni ya saa. Bofya kulia pale, Exit.

Mtumiaji wa Mac, Njombe
Wenye wasiwasi msiwacheke. Julai 2019 iligundulika Zoom ya Mac ilikuwa inaacha seva ndogo kwenye mlango wa mtandao (port) 19421, na ilibaki hata ukiifuta programu. Apple ikatuma apdeti ya kimyakimya kuiondoa. Mac ya zamani ipimeni kwenye Terminal: lsof -i :19421. Isipojibu kitu, hakuna kinachosikiliza hapo.

Stationery Mafinga
Saini ikigoma: chomoa intaneti, nakili njia ya faili, ondoa Zoom kupitia Settings za Windows, kisha piga Microsoft Defender Offline scan. Inazima na kuwasha mashine yenyewe na inachukua kama dakika 15, hivyo betri iwe na chaji. Ikishamaliza, pakua upya kutoka zoom.us/download, siyo ile ya kwenye flashi ya rafiki.