Tupeane uzoefu: lishe ya nyongeza ya mtoto, unaimudu kwa bei gani?

Wapendwa wa hapa Bukavu, wa Kadutu, Bagira, Ibanda na Panzi, tuzungumze wazi kuhusu pesa ya uji wa mtoto. Nina maana ya unga wa masoso (mahindi, soya, mtama), poda za vitamini za kuchanganya na chakula, na zile pakiti ndogo za siagi ya karanga za gramu 20, ambazo mtoto aliyefikisha miezi 6 hupewa moja kwa siku. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba pakiti hizo hupunguza utapiamlo mkali, hata vifo. Lakini nani alipe? Burkina Faso watafiti waliziuza wiki nyingi mfululizo, na tatizo halikuwa kununua mara ya kwanza, lilikuwa kuendelea. Naona hata Bukavu ni hivyo hivyo. Semeni bei, semeni na kilichowaachisha.

Mama Mapacha, Panzi: Nauza mboga, pesa yangu ni ya kila siku. Kikombe cha masoso cha faranga 500 nanunua bila kusita. Ukiniambia nilipe ya mwezi mzima siwezi, hata kama ni nafuu zaidi, maana pesa ya mkupuo sina. Tangu benki zifungwe mwaka 2025, hata waliokuwa wananikopesha wamekauka. Nikikosa masoso natwanga sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, nachekecha kwa chujio la chai miiba isibaki, natia kijiko kimoja kwenye uji ukiwa bado jikoni. Ndizi mbivu inaua ile harufu, na watoto wanamaliza.

Baba wa Bagira: Wetu alipimwa mkono kwa utepe, ukasoma nyekundu, chini ya milimita 115. Kituo cha afya kilitupa Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga ya tiba, bure mpaka akapona. Alipotolewa kwenye programu, mke wangu akataka kununua za kuendelea. Sokoni tulizikuta zinauzwa chini ya meza. Nilikataa. Ile ni dawa ya mtoto mwenye bwaki, yaani utapiamlo mkali, na kuna mama aliyeikosa ili ifike pale.

Koko, Nyawera: Mnasema bei tu. Kwangu wajukuu wako wanne na pakiti ni ya mdogo peke yake. Nani atamlisha mmoja wengine wakimtazama mdomoni? Naigawanya. Nikinunua, ninunue nne, na hizo siziwezi.

Muuza unga, Kadutu: Koko, pole sana, nawaona wengi wa hivyo. Mama akija peke yake anachukua kikombe, wakija na baba wanachukua kilo. Soya ikipanda bei wauzaji wengine wanaipunguza, unga unabaki mahindi matupu, na mnunuzi hajui. Ulizeni pia kama soya imekaangwa vizuri, mbichi inasumbua tumbo la mtoto.

Mwanzilishi: Kuna waliojaribu kununua kwa kikundi?

Mama Mapacha, Panzi: Sisi, kwenye likelemba yetu, yaani kikundi cha kuchanga na kupokea kwa zamu. Kila jioni kila mmoja anatoa 500, anayepokea ananunua soya na mahindi, tunasaga pamoja na kugawana. Ndiyo njia pekee iliyonifanya nisikatize. Ndugu muuza unga, soya iliyokaangwa unatupatia kwa bei ya jumla?

Muuza unga, Kadutu: Kuanzia kilo 10, ndiyo. Njooni Jumamosi asubuhi na ndoo zenu, nitawakaangia mkiona.