Nimestaafu, niko peke yangu: karavani kuukuu, kijitrela cha mbao au Hiace?

SistaMstaafu (Malindi)
Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mwaka jana nimetimiza 60, nikastaafu uuguzi. Watoto wanajitegemea, baba yao alishatangulia mbele ya haki. Nyumba nimeipangisha, mimi nimebaki na chumba cha uani. Sasa nataka kijumba cha magurudumu nitembee taratibu: wiki mbili kwa dada yangu Mokowe, mwezi kwa mwanangu Garsen, na Watamu nikitaka kutulia. Nimeona vitu vitatu. Kuna karavani ya Kiingereza ya vitanda viwili, imekaa miaka uani kwa mtu Mtwapa, anataka laki mbili na themanini. Kuna fundi wa hapa Malindi anasema atanitengenezea kijitrela cha mbao cha umbo la tone la maji, ndani ni kulala tu, jiko liko nyuma. Na kuna Hiace iliyong'olewa viti ikatiwa kitanda. Nichukue kipi?

Nahodha_Shela
Waaleikum salaam, Sista. Hujatwambia gari la kuvutia ni lipi. Hilo ndilo la kwanza, mengine baadaye.

FundiSola_Watamu
Na karavani ina kilo ngapi? Karibu na mlango huwa kuna kibati kimeandikwa uzito. Na je, utakuwa unalala penye umeme, au ni porini?

BabaHiace
Sista, chukua Hiace, umalize. Ukiwa peke yako huna mtu wa kusimama nyuma akuelekeze unaporudisha trela kinyumenyume. Trela ukizungusha usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Kwa Hiace, ukihisi mahali si salama usiku, unaruka kitini, unawasha, unaondoka bila hata kufungua mlango. Spea zake ziko kila mji, tangu Malindi hadi Mpeketoni.

BintiMambrui
Shikamoo Sista. Kaka BabaHiace, Hiace ikiharibika, nyumba yako ndiyo iliyoko gereji. Babangu mdogo alikuwa nayo, ikafa gasketi, akalala gereji siku tisa mafundi wakipita kichwani mwake. Trela unaliacha kwa dada, unakwenda sokoni na gari lako.

SistaMstaafu (Malindi)
Marahaba mwanangu. Samahani, gari langu ni Toyota Probox, injini ya cc 1500. Kibati cha karavani nimempigia mwenyewe akanisomea: tupu kilo 740, ikijaa isizidi 900. Mara nyingi nitalala uani kwa ndugu, umeme upo lakini sitaki kuwapa mzigo wa bili.

Nahodha_Shela
Basi hapo pana neno. Probox yenyewe tupu ina kilo elfu na kidogo. Waingereza wenyewe humshauri anayeanza asivute zaidi ya asilimia 85 ya uzito wa gari. Kwako hiyo ni kama 890. Karavani ikijaa umeshapita. Angalia na kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta kilo ngapi, maana gari nyingine hazikuundwa kuvuta kabisa.

BabaHiace
Probox inabeba miraa magunia hadi paa na inakwenda 120. Itashindwa na karavani?

Mwalimu_Kilifi
Kubeba si kuvuta. Nitaeleza yaliyonipata ili Sista asije akapitia.

Mimi nilinunua karavani kama hiyo 2019. Siku moja natoka Malindi kwenda Kilifi, nimejaza mitungi mitano ya maji ya lita ishirini nikaipanga nyuma kabisa, chini ya dirisha, kwa kuwa huko ndiko palipokuwa na nafasi. Hiyo ni kilo mia nyuma ya ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu. Nilipokuwa nafunga nikaona pua yake, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, naiinua kwa mkono mmoja, nikafurahi, nikajua mzigo ni mwepesi. Tunateremka kuelekea daraja la Kilifi, lori likanipita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma. Karavani ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara zaidi ya mwanzo, na mkia wa gari ukawa unaifuata. Nikakanyaga breki. Hilo ndilo kosa: ukikanyaga breki, trela linakusukuma kwa nyuma na mtikisiko unazidi. Dawa yake ni kuachia mafuta polepole, kushika usukani umenyooka, uiache ipungue yenyewe. Mimi niliishia mtaroni, gurudumu moja hewani. Nashukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Ilipovutwa juu, kona ya mbele ilikuwa imepasuka, na ndani ya ule ukuta nikaona mbao zimeoza zimekuwa kama unga wa kahawa uliolowa. Karavani nyingi za zamani nje ni alumini, lakini mifupa ni mbao. Maji yanaingia kwenye kiungo cha dirisha, yanakaa ndani miaka, na aliyeniuzia alikuwa ameweka karatasi mpya ya ukutani nzuri sana.

Kwa hiyo Sista, vitu vizito juu ya ekseli, na pua iwe na uzito wake, kilo 50 hadi 70 kwa karavani ya ukubwa huo. Unapima kwa mizani ya kupimia watu, ile uliyoitumia kliniki, unaweka kipande cha ubao juu yake chini ya pua.

FundiSola_Watamu
Pole sana Mwalimu. Na tairi pia. Trela likikaa uani, kashata, yaani meno ya tairi, zinabaki nzima lakini mpira umekufa. Tafuta ubavuni tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23, mwaka 2014. Ukiona hivyo, hesabu bei ya tairi mpya kabla hujalipa.

Kuhusu umeme: friji ndogo ya volti 12 kwa joto letu itakula kama Ah 40 (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 usiishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo hiyo ni siku moja tu na kidogo bila jua. Kama pesa ipo, nunua betri ya lithiamu. Na paneli ya sola usiigongomee paani. Iache na waya wa mita kumi, trela likae kivulini, paneli iende juani. Bati la alumini saa nane mchana mwezi wa Februari hukai ndani.

BintiMambrui
Kivuli chenyewe lakini kisiwe cha mnazi! Nazi ikidondoka inatoboa paa. Mwarobaini ni mzuri.

SistaMstaafu (Malindi)
Ahsanteni. Na kile kijitrela cha mbao? Fundi anasema hakizidi kilo 350, Probox itakivuta bila taabu.

Nahodha_Shela
Kwa uzito, sina neno. Lakini jiko la nyuma linakaa nje. Kusi ikivuma, moto hautulii, na masika utapika ukiwa umelowa.

BintiMambrui
Mimi nauliza jambo lingine. Kimo chake ndani ni ngapi? Vile nilivyoona havifiki mita moja na robo. Sista utaswali wapi? Kanzu utavaa umelala?

SistaMstaafu (Malindi)
Mwanangu, hilo sikulifikiria kabisa. Na goti langu la kulia halitaki kutambaa. Alfajiri nataka nisimame ndani, nijifungie, niswali nikiwa nimesitirika.

Mwalimu_Kilifi
Karavani ya Kiingereza ina faida moja hapo: mlango uko kushoto, upande wa kando ya barabara kwetu. Za Ulaya bara mlango uko kulia, unashukia magari. Na soketi zake ni zile zile zetu za miguu mitatu.

BabaHiace
Na Lamu je? Dada yako yuko Mokowe, ukitaka kuvuka kisiwani?

Nahodha_Shela
Trela halivuki, linabaki Mokowe. Kisiwani ni miguu, punda na boti. Ila safari ya Garsen hadi Mokowe ifanye mchana, Sista. Lami ipo, lakini tunakumbuka baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014 mabasi yalisindikizwa na polisi. Na ukipita Gongoni usilale karibu na mashamba ya chumvi, chuma kitaliwa.

BabaHiace
Punda wapi? Siku hizi Lamu ni bodaboda tupu.

Nahodha_Shela
Mji wa kale huwezi kupita na bodaboda mle vichochoroni, ndugu yangu. Mchanga na saruji bado vinabebwa na punda. Mji umeandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia 2001, tuutunze.

BabaHiace
Mimi niliiona kwa macho yangu, pale mbele ya baharini.

SistaMstaafu (Malindi)
Nimetoka Mtwapa leo. Tairi zinasoma 1612. Sakafu karibu na mlango imara. Dirisha la mbele upande wa kushoto, nimebonyeza kona ya chini kwa kidole gumba, ikabonyea na kurudi polepole, kama mguu uliovimba maji. Mwenyewe ameshuka hadi laki mbili na arobaini. Na nimefungua kitabu cha Probox, sijaona palipoandikwa kuvuta.

Mwalimu_Kilifi
Usilipe chochote kwanza. Piga picha ya hiyo kona, ndani na nje, uiweke hapa.